Taa za Pikapu ya Maziwa

Mume wangu alipovunjika mkono hatukupata nafasi ya kukaa chini tuamue nani ataendesha pikapu. Alivunjwa na hendeli ya kuwashia gari. Betri ilikuwa imechoka, akasimama mbele ya gari akiizungusha injini kwa mkono, injini ikarudi nyuma kwa nguvu na kumpiga, mfupa ukakatika juu kidogo ya kifundo. Alirudi kutoka hospitali kule Nyeri siku ya pili akiwa amefungwa plasta kuanzia vidole hadi kiwiko. Ng'ombe hawakuambiwa habari hiyo. Kesho yake walikamuliwa kama kawaida, na majirani wa migongo mitatu ya vilima wakateremsha mitungi yao ya maziwa hadi kando ya barabara, wakangoja.

Nikaingia mimi.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, huku kwetu Mukurweini. Leseni nilikuwa nayo. Mume wangu alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, Jumapili jioni, zaidi kwa kunifurahisha kuliko kwa kazi, na nilipofaulu mtihani tukaitia leseni ndani ya Biblia, ikakaa huko. Wanawake walioendesha magari katika sehemu zetu walikuwa masista wa misheni. Sasa wakawa masista na mimi.

Mama mkwe wangu hakupenda. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa boma letu, mlango ukitazama mlango wangu, na hakuna nililofanya asilione. Asubuhi ya kwanza alikuja hadi kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti kama mtu anayempapasa fahali asiyemwamini.

"Siku likikataa," akaniuliza, "utalishika wapi?"

Kwetu mtu hajibizani na mama wa mumewe. Nilisema, "Nitajaribu, mama," nikaondoka.

Wiki mbili zilienda vizuri. Nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikakusanya mitungi, nikaifikisha kwenye chama cha maziwa kabla jua halijapata nguvu. Mume wangu alikuwa akinisimulia tabia za gari hilo kama mtu anayemsimulia ndugu yake mkorofi: gia ya pili ibembeleze, breki ikanyage mapema, usishangae indiketa zikiwaka kidogo unapofunga breki. Nilishangaa, lakini niliyaweka moyoni.

Kisha ikaja miezi ya baridi, na ukungu wake. Wanaoijua Nyeri mwezi wa saba wanaujua ukungu huo. Huinuka kutoka mtoni ukajaza bonde zima, na taa za gari zinakuwa kama fimbo ya mtu asiyeona, zinagusa hatua tatu mbele, basi. Asubuhi moja nilikuwa nateremka kuelekea darajani, mitungi yote imejaa, nikakanyaga breki kwenye kona. Taa zote zikazimika. Kubwa, ndogo, za nyuma, hata ile ya dashibodi. Gari lilikuwa bado linakwenda na mbele yangu palikuwa na weupe mtupu.

Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Kabla gari halijasimama nilisikia kishindo upande wa kushoto, kizito na laini, kama gunia linapotupwa.

Niliteremka nikipapasa ubavu wa gari. Ndani ya mtaro kulikuwa na mzigo mkubwa wa matete ya ng'ombe, na chini ya mzigo huo kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa na kishamba cha matete kando ya mto, na hajawahi kungoja jua katika maisha yake. Kioo cha pembeni kiliugonga mzigo mgongoni mwake, ukamzungusha na kumwangusha mtaroni. Majani ndiyo yaliyomwokoa. Nilimtoa kichwani ukanda wa kubebea mzigo. Alikuwa amechubuka goti na kupoteza kiatu kimoja.

Nilingoja aniambie yale ambayo alikuwa na haki ya kusema. Alikaa juu ya matete yake akitafuta kiatu kwa mkono.

"Taa ziko wapi?" akauliza.

"Zimezimika, mama."

"Umezizima?"

"Zimezimika zenyewe."

Akafikiri. Nilimsikia akivuta pumzi, taratibu, kama mtu anayehesabu mifupa yake mmoja mmoja.

"Basi kuna kitu kimeharibika," akasema. "Kitafute."

Nilimpandisha garini pamoja na matete, tukaketi tukingoja mwanga. Tulipofika sokoni habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa miguu ya nani, na askari wa barabarani akatuita pembeni. Alikuwa kijana mpole. Aliandika karatasi kwamba gari lipelekwe Nyeri kukaguliwa katika siku saba, na likishindwa, lisibebe tena mzigo wa watu.

Nyumbani mume wangu alitoka mbio aliposikia, akamkagua mamake mguu na mgongo, kisha akaja kwangu na sauti ya chini.

"Ni fyuzi tu. Weka nyingine."

Nilifungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Nilitegemea kuona kijiti cha kioo chenye uzi mwembamba ndani, kama nilivyowahi kuona. Niliona kitu kimeviringishwa kwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, imeungua na kuwa nyeusi katikati. Waya uliotoka hapo ulikuwa umeyeyuka ngozi yake urefu wa kidole. Na taa zote za gari, mbele na nyuma, zilikuwa zimefungwa kwenye fyuzi hiyo moja.

"Nani aliweka hii?"

Mume wangu alitazama plasta yake.

"Fyuzi zilikuwa zinaungua kila siku," akasema. "Nilikuwa na maziwa ya watu."

"Na waya nani aliuunganisha hivi?"

"Mimi."

Sikupiga kelele. Alikuwa mtu mzuri aliyeamka alfajiri miaka minane bila kukosa, na kila nyumba kwenye migongo mitatu ilikuwa na mtoto aliyesomeshwa kwa maziwa aliyoyafikisha. Lakini niliichukua ile karatasi iliyoungua nikaitia ndani ya mfuko wa aproni yangu, na hiyo ilitosha. Usiku alilala ameelekea ukutani.

Nilinunua fyuzi za kweli. Nikaweka moja, nikawasha, taa zote zikawaka. Nikakanyaga breki mara kumi pale uani, hakuna kilichozimika. Nikalala nikijua nimemaliza. Asubuhi nilipakia mitungi, nikafika kona ya kwanza, nikakanyaga breki, giza. Nikaweka fyuzi ya pili, ikaungua palepale. Nikaacha gari kando ya barabara hadi kulipopambazuka, na mitungi miwili ya mwisho ilipofika chamani ilikuwa imechacha, ikarudishwa. Mimi mwenyewe nilimrudishia mwenye mitungi hiyo, mjane mmoja wa mgongo wa tatu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi tutawapa nguruwe," na nikaona afadhali angenilaumu.

Siku tatu mambo yakawa hivyo. Uani taa nzima; barabarani taa zimekufa. Mume wangu alinitazama nikilala chini ya dashibodi na tochi mdomoni, akashindwa kuvumilia.

"Funga karatasi kwa siku moja," akasema. "Tufike Nyeri, wakague, wapite. Mkono ukipona nitatengeneza mwenyewe."

"Nimemgonga mama yako," nikamwambia.

Akaingia ndani akanitolea kisanduku chake cha vyombo, akakiweka karibu na goti langu kwa mkono wake mzima.

Siku ya nne nilipanda basi hadi Nyeri. Karibu na soko palikuwa na duka la vipuri la mzee mmoja Mhindi. Baba yake alilifungua kabla ya Uhuru, na yeye alizaliwa chumba cha nyuma. Alikijua Kikuyu kuliko vijana wengi wetu, lakini dukani alipenda Kiswahili, Kiswahili chake cha peke yake. Niliomba pakiti ya fyuzi.

"Mama, wiki hii wewe nanunua fyuzi mara ngapi?"

"Hii ya tatu."

Alirudisha pakiti kwenye rafu. "Hapana uzia wewe. Fyuzi iko askari. Askari nakufa kila siku, wewe naleta askari ingine tu. Mwizi iko wapi?"

Nilimweleza kila kitu, hata karatasi ya sigara, hata mama mkwe. Alisikiliza akiwa ameegemea kaunta, macho juu ya dari, kama daktari. Mwisho akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Nyumbani gari iko na mzigo?"

"Haina."

"Barabarani?"

"Imejaa."

Akatabasamu kidogo, akaingia nyuma, akarudi na balbu ya taa kubwa iliyochomelewa nyaya mbili. Akanionyesha juu ya kaunta. Toa fyuzi, weka ncha hizi mbili mahali pake. Balbu hii ikiwaka hafifu, ni sawa, taa zako zinakula chakula chao. Ikiwaka kwa nguvu zote, basi kuna waya unaogusa chuma cha gari, umeme umepata njia ya mkato. Hapo fyuzi ingekufa, lakini balbu haifi. Inangoja. Wewe tembea na waya, pole pole, sukuma hapa, vuta pale. Ukigusa mahali na balbu ikapunguza mwanga, usitoe mkono.

"Hapo ndipo mwizi," nikasema.

"Hapo," akasema. Kisha akanipa utepe wa kufungia nyaya na kipande cha msasa, na alipoona nimefunga vitu vyangu vizuri katika leso akaongeza, "Na weka mzigo."

Nilifika nyumbani alasiri. Sikuwa na maziwa ya kujaza mitungi, kwa hiyo niliteka maji. Mama mkwe alisimama mlangoni kwake akiniona nikipanda na kushuka kisimani, ndoo baada ya ndoo, nikimimina ndani ya mitungi iliyokuwa juu ya pikapu. Mwishowe akashuka, akichechemea kidogo, akauliza kama nimerukwa na akili.

"Gari linaugua likiwa limebeba tu," nikamwambia. "Nataka liugue hapa, nikiliona."

Hilo alilielewa upesi kuliko mtu yeyote. Alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote na alijua kuna maradhi yanayojificha mpaka mnyama atembezwe. Alichukua ndoo nyingine. Maji yalipofika shingoni mwa mtungi wa mwisho, nyuma ya pikapu ilikuwa imeshuka kiasi cha shubiri.

Nilihitaji mtu wa kukanyaga breki. Mume wangu alikuwa amekwenda kliniki kuonyesha mkono. Nilimtazama mama mkwe na yeye akanitazama.

"Mguu huu ndio mzima," akasema, akapanda.

Hakuwa amewahi kuketi upande wa usukani. Alikunja vazi lake magotini, akashika usukani kwa mikono miwili japo injini ilikuwa imezimwa, akaketi wima kama yuko kanisani. Nilimwonyesha kanyagio la katikati. Nikatoa fyuzi, nikafunga ile balbu mahali pake na kuiacha ining'inie dirishani ili niione nikiwa chini, nikawasha taa.

Balbu ikawaka hafifu, rangi ya chai.

"Kanyaga, mama."

Balbu ikang'aa kwa mwanga mweupe, na taa nyingine zote zikafa. Nilisimama pale nikiutazama mwanga huo kwa furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Siku nne nilikuwa nikiukimbiza ugonjwa huo barabarani, na sasa ulikuwa umekuja wenyewe uani kwangu.

"Achilia." Hafifu. "Kanyaga." Nyeupe.

Kwa hiyo mwizi alikuwa kwenye waya wa breki. Nilitandika gunia nikaingia chini ya gari. Waya ulitoka mbele, ukapita kando ya chuma kirefu kinachobeba bodi, ukafungwa hapa na pale kwa kamba za sisali ambazo niliujua mkono uliozifunga. Nikaufuata kwa vidole. Nilisukuma, nikavuta. "Iko vipi?" nilimwuliza mama mkwe kila hatua, kwa kuwa nilipokuwa katikati sikuweza tena kuiona balbu.

"Nyeupe."

"Sasa?"

"Nyeupe. Mguu unaniuma, lakini endelea."

Nilitambaa hadi karibu na gurudumu la nyuma. Hapo bodi ilikuwa imeketi juu ya bamba la chuma, na mahali zamani palipokuwa na kipande cha mpira palikuwa na kutu tupu. Waya ulipita kati. Gari likiwa tupu palikuwa na nafasi ya kupitisha kisu. Mitungi ikijaa, bodi ilishuka na kuubana waya kwenye bamba hilo, na bamba lilikuwa limekwisha kuila ngozi yake. Nilichomeka bisibisi chini ya bodi, nikainua nusu ya unene wa ukucha.

"Imefifia," mama mkwe akasema juu yangu.

Nikaachia.

"Nyeupe tena."

Nikainua.

"Imefifia. Nimekuambia imefifia."

Nililala palepale chini ya gari, kutu machoni, bisibisi mkononi, nikacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza kama sasa anaweza kuutoa mguu.

Nilikata kipande kilichoharibika, nikaunganisha waya mpya, nikaufunga utepe mara tatu na kuupitisha mbali na bamba lile, kisha nikakata mpira wa gurudumu kuukuu na kuusukuma chini ya bodi. Nilitenganisha taa kubwa na zile za nyuma, kila moja na fyuzi yake. Mama mkwe alikanyaga breki mpaka akawa anakanyaga bila kuambiwa. Fyuzi zilisimama.

Zilibaki zile indiketa zilizowaka kidogo mtu akifunga breki. Mume wangu aliporudi nilimwambia nataka kulimaliza na hilo. Alisema gari lile limekuwa hivyo tangu alinunue. Nikamwambia hilo silo jibu. Akachuchumaa nami nyuma ya pikapu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akanifundisha tena kama zamani uwanjani. Umeme ukishapita kwenye balbu, akasema, lazima urudi kwenye betri, na unarudi kwa chuma chenyewe cha gari. Chuma kikiwa na kutu mahali taa iliposhikiliwa, umeme unakosa njia ya nyumbani, unapita kwa jirani, yaani kwenye indiketa.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua," akasema. "Sikuona haraka."

Nilifungua taa ya kulia. Nyuma yake palikuwa pekundu kwa kutu. Nilisugua kwa ule msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo, nikarudisha. Mume wangu alishika taa kwa mkono mzima nilipokuwa nakaza skrubu. Mama mkwe akakanyaga, taa za breki zikawaka nyekundu, na indiketa zikabaki zimelala.

Siku ya sita tulienda Nyeri, mimi na mama mkwe. Mume wangu alitaka kuja lakini nafasi mbele ilikuwa ya wawili, na mamake alikuwa tayari ameketi, amevaa koti lake la kanisani. Kwenye uwanja wa ukaguzi palikuwa na malori ya mbao, magari ya kahawa, na lori moja la mbuzi kutoka Doldol lililonuka hadi barabarani. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu asiye na haraka. Alizunguka gari, akanitazama, akatazama upande wa pili kumtafuta dereva.

"Dereva yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akaagiza taa kubwa. Ndogo. Kulia, kushoto. Breki. Akatuma msaidizi wake apande nyuma na kurukaruka nikiwa nimekanyaga, nikajua amekwisha kusoma ile karatasi ya askari. Taa hazikutikisika. Kisha akainama, akanyoosha kidole kwenye kitaa kidogo cha namba ya gari. Kilikuwa kimekufa.

Sikuwa nimekigusa. Nilisahau kwamba kipo.

"Nenda katengeneze, urudi wiki ijayo," akasema, akaanza kuandika.

"Nipe dakika tano."

"Fundi wako yuko hapa?"

Nilikuwa nimekwisha kuifungua leso yangu juu ya bodi. Nilitoa kifuniko. Balbu ilikuwa nzima. Kiti chake kilikuwa kimejaa vumbi na kutu ya kijani. Nikasugua kwa msasa, nikakunja kile kibati kidogo kinachoigusa balbu mpaka kikasimama, nikarudisha. Mama mkwe aliwasha taa kutoka ndani bila kuulizwa. Kilifumba, kikafumbua, kikawaka.

Mkaguzi alingoja kidogo aone kama kitazimika. Hakikuzimika. Akapiga muhuri, akanipa karatasi, akaita lori la mbuzi.

Tulirudi kwa njia ya Karatina ili mama mkwe anunue kiatu, kwa kuwa kile cha mtaroni hakikuonekana tena. Alichagua viatu vya mpira vyeusi, vya wanaume, akavivaa palepale.

Plasta ilitolewa baada ya wiki tano. Mume wangu aliendesha maziwa siku nne. Siku ya tano nilimsikia alfajiri akiwa bado kitandani, nikadhani mkono unamuuma. Alisema mkono hauna neno. Alisema anataka kupanua zizi, apande matete zaidi, na kwamba watu wa mgongo wa tatu wamemwuliza mara mbili mama wa maziwa amekwenda wapi.

"Nawe umewajibu nini?"

"Nimesema yuko njiani."

Niliamka, nikavaa sweta, nikatoka.